Mlango Unafunguliwa Mara Moja

Kwa mama mdogo, Korogwe, mlango wa kabati la vifaranga unafunguliwa mara moja tu. Hakuna kufungua mara mbili, na hakuna kuchungulia. Yai linakaa siku kumi na nane kwenye mashine ya kwanza, ile inayogeuza mayai, halafu tunalihamishia kabatini kwa siku tatu za mwisho. Humo kuna joto na unyevu. Ukifungua ovyo, unyevu unatoka, na kifaranga aliyekuwa ameshatoboa ganda anakaukiwa na utando. Anashindwa kutoka, anafia humo humo, mdomo ukiwa umetokeza nje. Nimeshawaona wa namna hiyo na sipendi kuwakumbuka.

Hiyo ni sababu ya kwanza. Sababu ya pili ni watu. Mayai si ya kwetu. Watu wa Korogwe, Hale, Kabuku na Handeni wanaleta trei zao, sisi tunatotolesha, na siku ya ishirini na moja wanakuja na maboksi yenye matundu kuchukua vifaranga wao. Kila mmoja anataka kuona kwa macho yake trei yake ikitoka, ikiwa na lebo yake ya kadibodi, vifaranga wakiwa chini ya wavu na mayai yaliyogoma yakiwa pembeni. Asipoona hatulii. Atafika nyumbani, atawaangalia vifaranga wale, na ataanza kujiuliza kama kweli ni wake.

Kwa hiyo mama mdogo aliweka sheria. Kabati halifunguliwi mpaka wenye trei zote za awamu hiyo wawepo, au watu waliowatuma. Na asiye wa awamu hiyo asisogee mlangoni, kwa sababu watu wakibanana trei zinabadilishana mikono. Awepo kila anayepaswa kuwepo, asiwepo mwingine.

Kazi ya kujua kama watu wametimia alinipa mimi.

Nilimaliza darasa la saba Chanika, mjini Handeni, na masomo yangu yakaishia hapo. Naandika polepole. Ukurasa mmoja unaweza kunichukua asubuhi nzima, kwa sababu kila neno nalitazama kabla ya kuliacha liende. Na kuzungumza mbele za watu kulikuwa kugumu zaidi kuliko kuandika. Mwanzoni mama mdogo alinipa daftari nisome majina kwa sauti uani. Nilisimama kwenye kibaraza na sauti ikaishia kwenye meno. Watu wa nyuma waliuliza nimesema nani, nikarudia, wakauliza tena. Mzee mmoja akamwuliza mwenzake, "Huyu mtoto anasoma au anasali?" Uwanja mzima ulicheka. Nilicheka nao, lakini jioni niliomba nipewe kazi ya kufagia banda.

Kilichoniokoa ni kompyuta ya kaka. Kaka ni mtoto wa kwanza wa mama mdogo, anasoma chuo Dodoma. Likizo moja aliacha nyumbani laptopu yake ya zamani, iliyochubuka pembe zote. Kwenye kioo chake hakukuwa na picha wala vitufe vya kubonyeza. Ukiiwasha inakuletea dirisha jeusi, unaandika neno, unabonyeza Enter, nayo inajibu kwa neno. Nilipenda hivyo. Haikuniharakisha, haikuniuliza nimesema nini. Kaka alipoona naikalia kila mchana akanifundisha kuandika skripti, yaani maagizo mafupi unayoyaweka kwenye faili, na kompyuta inayafuata mstari kwa mstari.

Skripti yangu ya kwanza ya maana niliipa jina "mlango". Ndani yake niliandika orodha ya wenye trei za awamu. Siku ya kutotoa nilikaa kwenye dirisha la stoo, kila anayefika akanong'ona jina lake dirishani, nami nikaliandika. Kwenye dirisha jeusi niliandika neno mlango, na baada ya hilo neno nikaandika majina ya waliofika, moja baada ya jingine kwenye mstari mmoja. Kisha nilibonyeza. Skripti ilichukua majina niliyoyaandika, ikayalinganisha na orodha iliyo ndani yake. Yakilingana inaandika FUNGUA. Yasipolingana inaandika BADO. Mimi namwonyesha mama mdogo kidole gumba, naye anafungua. Sikuhitaji kupaza sauti hata kidogo.

Siku ya kwanza nilijaribu na watu wanane. Kompyuta ikaniambia wamefika kumi na sita.

Hapa inabidi nieleze majina ya wateja wetu. Kwetu mtu mzima hatumwiti jina tupu, na wengi tuliwajua kwa kule wanakotoka. Alikuwepo Mama Kabuku, mwenye duka dogo kando ya barabara kuu. Alikuwepo Mzee Kabuku, mkulima, ambaye hana undugu na huyo mama, ni majirani wa mbali tu. Alikuwepo Mzee Hale, alikuwepo Bibi Segera. Hivyo ndivyo tulivyoandika kwenye lebo za trei, na hivyo ndivyo nilivyoandika kwenye dirisha jeusi. Lakini kompyuta ikikuta nafasi kati ya maneno mawili, inadhani ni vitu viwili. Kwake yeye alikuwa amefika mtu anaitwa Mama, na mwingine anaitwa Kabuku.

Nilimpigia kaka. Alikuwa na haraka, nyuma yake kulikuwa na kelele za wanafunzi. Akasema niondoe hayo mama na mzee, niandike Kabuku, Hale, Segera, basi. Nikamwambia ni watu wazima. Akacheka.

"Kompyuta haihitaji heshima, mdogo wangu. Haina umri."

Niliondoa. Yeye yuko chuo na mimi nimeishia la saba, ningebishana na nani? Lakini kila nilipoandika Hale bila Mzee, nilijisikia kama nimempita mtu mzima njiani bila kumwamkia.

Ikafanya kazi. Awamu ya kwanza, ya pili, ya tatu. Mama mdogo akaanza kuwaambia wateja kwamba kwetu mlango unafunguliwa na kompyuta. Wanawake walikuja dirishani kunitania kwamba naongea na lile dude kuliko ninavyoongea na wao, na walisema kweli.

Halafu ikaja awamu iliyokuwa na trei ya Mama Kabuku na trei ya Mzee Kabuku pamoja.

Kwenye orodha yangu Kabuku alikuwepo mara mbili. Hilo nililiona, na halikunipa wasiwasi, kwa kuwa nilijua ni watu wawili. Asubuhi hiyo Mzee Kabuku alifika mapema, nikaandika Kabuku. Wengine wakafika, nikawaandika. Nikabonyeza. Skripti yangu wakati huo ilifanya hivi: inachukua jina moja kwenye orodha, inauliza kama limo kwenye waliofika, likiwemo inakwenda kwa linalofuata. Ilichukua Kabuku wa kwanza, ikamkuta mzee. Ikachukua Kabuku wa pili, ikamkuta mzee yule yule. Mtu mmoja aliitikia kwa niaba ya wawili. Skripti ikaandika FUNGUA.

Mama mdogo aliniuliza, "Wa Kabuku wamefika?" Nikatazama kioo. Nikainua kidole gumba.

Mama Kabuku aliingia getini wakati tunamaliza kugawa. Mkono mmoja alishika boksi la vifaranga, mwingine trei mpya ya mayai kwa awamu inayofuata. Trei yake ya zamani ilikuwa mezani, imetolewa kabatini, imefunikwa kitambaa ili vifaranga wasipigwe upepo. Alisimama akaitazama. Walikuwa ishirini na watatu.

"Nilileta mayai thelathini," alisema. "Saba yako wapi?"

Mama mdogo akamwambia saba yaligoma. Akauliza yako wapi hayo yaliyogoma. Yalikuwa kwenye ndoo pamoja na mayai yaliyogoma ya watu wengine, mengine yameshapasuka. Mama mdogo alitaka kumjazia kutoka kwenye vifaranga wetu wenyewe. Akakataa. Mama mdogo akamwambia kwamba sisi si wezi, na miaka yote hii anatujua.

"Sijasema mmeiba," alisema Mama Kabuku. "Nimesema sikuona."

Mzee Kabuku, ambaye hakuwa na kosa lolote, alikuwa ameinamia boksi lake kama vile ameiba yeye. Mimi nilikuwa dirishani, neno FUNGUA likiwa bado kwenye kioo.

Mama Kabuku aliwaweka vifaranga wake kwenye boksi, mmoja mmoja. Akageuka aondoke na ile trei mpya, akafika getini, akarudi. Akaiweka mezani.

"Hii nawaachia. Kwa sababu nimeshatoka nayo mbali, na barabarani yatavunjika. Lakini siku ishirini na moja zikifika nisipoiona ikitoka kabatini, hamtaniona tena hapa. Na wanawake wa Kabuku hamtawaona."

Mama mdogo hakunigombeza. Ingekuwa afadhali. Alisubiri watu waondoke, akafagia maganda, akakaa kwenye kiti cha dirishani ambacho ni changu. Akasema niende nyumbani Chanika nikapumzike, nirudi kabla ya siku ya ile trei. Siku hiyo nitakaa dirishani kwa mara ya mwisho ya kujaribiwa. Ikienda sawa nitabaki. Isipokwenda sawa atatafuta mtu mwenye sauti, na mimi nitarudi kwa mama moja kwa moja. "Sina chuki na wewe," alisema. "Ila mlango huu ndio unaotulisha." Akaisukuma laptopu upande wangu. "Na hilo lidude uondoke nalo."

Niliondoka nalo.

Mama yangu, pale Chanika, hakuniuliza mengi. Alikuwa na shughuli, maana mtaani kulikuwa na harusi, na yeye ndiye mtunza vyombo wa wanawake wa mtaa wetu. Panapokuwa na shughuli, sufuria, masinia na ndoo vinaazimwa nyumba hadi nyumba, na kila nyumba ina alama yake: rangi nyekundu kitakoni, uzi wa bluu kwenye mshikio, mkwaruzo wa msumari. Kila kinachotoka mama anakiandika kwenye daftari. Siku baada ya harusi vyote vinaletwa uani kwetu, vimeoshwa, na hapo ndipo inajulikana kama kuna nyumba itakayonuna.

Nilimsaidia. Nilikuwa nimemwona akifanya kazi hiyo tangu utoto, lakini sikuwahi kumtazama.

Kwanza alihesabu. Daftari lina vyombo sitini na viwili, uani vipo sitini na viwili. Jirani mmoja akasema basi vimetimia, tunywe chai. Mama akamwambia kutimia idadi siyo kutimia vyombo, inawezekana kuna sufuria ya mtaa mwingine imeingia na ya kwetu imeenda huko. Akaanza kuvipanga. Vyenye rangi nyekundu pamoja, vya bluu pamoja, kwa mpangilio ule ule wa daftari. Kisha akasoma mstari wa kwanza, akachukua chombo kimoja kinachoujibu, akaukata mstari kwa kalamu na kukiweka chombo nyuma ya mgongo wake. Mstari wa pili, chombo cha pili, nyuma ya mgongo.

Kulikuwa na nyumba iliyotoa sufuria mbili zinazofanana kabisa, zote zina uzi wa bluu. Mama alipofika hapo alichukua ya kwanza, akakata, akaweka nyuma. Kwenye mstari unaofuata akanyoosha mkono mbele, si nyuma.

Nilimwuliza kwa nini asiangalie tu ile ya kwanza, si ina uzi wa bluu pia?

"Hiyo imeshajibu," alisema. "Kikishajibu hakijibu tena."

Nilibaki nimeshika sinia. Nilimwona Mzee Kabuku amesimama pale uani kwa mama mdogo, akiitikia mara mbili, na skripti yangu ikikubali mara mbili kwa sababu haikumweka nyuma ya mgongo.

Tena kuna jambo la pili nililiona saa ile ile. Kila sufuria yenye mfuniko, mama alikuwa ameifunga na mfuniko wake kwa kamba. Bila kamba, alisema, watu wa harusini wanaleta mfuniko kama chombo na sufuria kama chombo, hesabu inaharibika. Akimaliza kuhesabu haifungui kamba, inakwenda imefungwa hivyo hivyo mpaka kwa mwenyewe.

Mama Kabuku alihitaji kamba.

Kaka alikuwa ameacha kwenye laptopu faili la maelezo yake ya darasani. Nilikuwa nimelipita mara nyingi kwa sababu lilikuwa refu na mimi husoma polepole. Sasa nililisoma nikiwa nimekaa kwenye ngazi ya jiko, mchana baada ya mchana, kidole kikiwa kwenye kioo. Siku ya tatu nikaipata kamba. Ni alama za nukuu. Ukiandika Mama Kabuku ndani ya alama za nukuu, kompyuta inampokea kama mtu mmoja, na nafasi iliyo katikati ni yake mwenyewe.

Nilijaribu. Ikaniambia tena wamefika wawili.

Hapo nilikaribia kulia. Niliwaza kwamba labda kaka alisema kweli, kuna vitu si vya watu wa la saba. Nikafunga laptopu, nikaenda kuchota maji, nikarudi, nikafungua. Nikasoma mistari ya skripti yangu mmoja mmoja kama mama anavyosoma daftari. Na nikaona. Nje, pale ninapoandika, nilikuwa nimefunga kamba. Lakini ndani ya skripti, pale inapoyapokea majina, niliandika alama ya kupokea bila nukuu. Yaani nilimfunga Mama Kabuku mlangoni, na alipoingia ndani nikamfungua mwenyewe. Nikaweka nukuu na kule ndani. Nikabonyeza.

Mmoja.

Nilisema "ndiyo" kwa sauti. Mama alichungulia kutoka jikoni akauliza nani amekuja. Nikamwambia amekuja Mama Kabuku, mzima mzima. Hakuelewa, akarudi kwenye ugali wake, lakini alikuwa anatabasamu.

Siku zilizobaki nilijenga upya. Niliwarudisha akina mama na wazee na mabibi wote kwenye orodha, kila mmoja na heshima yake. Skripti mpya inaanza kwa kuhesabu, kisha inapanga pande zote mbili kwa alfabeti, kisha inachukua jina moja moja. Jina likipata mwenzake, yote mawili yanaondolewa. Likishajibu halijibu tena. Mwishoni inatazama kilichobaki. Aliyebaki kwenye orodha, inaandika kwamba hajafika. Aliyebaki kati ya waliofika, inaandika kwamba hayumo. Pasipobaki kitu pande zote mbili, ndipo inaandika FUNGUA.

Kujaribu nilitumia maganda ya mayai. Niliyaomba kwa muuza chipsi wa jirani, nikayaandika majina kwa penseli, nikayapanga kwenye ngazi. Nikaondoa ganda la Mzee Kabuku, nikaandika yaliyobaki, BADO. Nikalirudisha, nikaondoa la Mama, BADO. Nikaweka ganda lisilohusika, BADO. Nikayachanganya mpangilio wa kufika, yote yakiwepo, FUNGUA. Mama alilalamika kwamba ngazi yake imejaa watu.

Nilirudi Korogwe siku mbili kabla. Mama mdogo alinipokea vizuri, akanipa chakula, lakini aliniambia mapema kwamba siku hiyo atahesabu vichwa mwenyewe, kompyuta iwe ya kuongezea tu. Orodha ilikuwa na watu kumi na mmoja. Jioni ya kuamkia siku hiyo Mama Kabuku alipiga simu kusema dukani kumebana, kwa hiyo atamtuma mkwe wake.

Asubuhi watu walianza kufika na maboksi yao. Vifaranga walikuwa wameanza kulia kabatini tangu alfajiri, na mlio ule ukiusikia unatamani kufungua. Niliwapokea dirishani. "Shikamoo. Umekuja kwa trei ya nani?" Niliuliza hivyo hivyo kila mtu, hata ninaowajua, kwa sauti yangu ile ile ndogo, nao waliinama kunisikia. Akaja dada mmoja mgeni, kitenge cha kijani, boksi jipya. Nilimwuliza. Akasema amekuja kwa Mzee Hale. Nikaandika Mzee Hale ndani ya nukuu, polepole, nikihakikisha kila herufi.

Uani mama mdogo alikuwa anahesabu kwa kidole. Aliwajua wote isipokuwa yule dada wa kitenge cha kijani. Nilimsikia akisema, "Na huyu ndiye mkwe wa Mama Kabuku. Kumi na mmoja. Wametimia." Akashika kitasa cha kabati.

Nilibonyeza.

BADO. Hajafika: Mama Kabuku. Hayumo: Mzee Hale.

Mama mdogo alikuwa amenipa mgongo. Kidole gumba asingekiona. Watu wote walikuwa wanatazama kabati, maboksi yameinuliwa. Nilitaka kutoka nimkimbilie, lakini kutoka stoo hadi kwenye kabati inabidi kuzunguka, nisingewahi.

"Mama mdogo, usifungue!"

Sikuijua sauti ile. Ilitoka yote, ikagonga bati na kurudi. Kila mtu aligeuka. Mama mdogo aliacha mkono kwenye kitasa, akanitazama kama ananiona kwa mara ya kwanza.

"Kumi na mmoja hawa hapa," alisema.

"Ni kumi na mmoja lakini si wenyewe. Mama Kabuku hayupo. Huyu dada ametoka kwa Mzee Hale, na trei ya Mzee Hale bado iko mashine ya kwanza, imebakiza siku tatu kutotoa."

Macho yote yakahamia kwa dada wa kitenge cha kijani. Masikini, alishika boksi lake kwa mikono miwili. Akasema ni kweli, yeye ni binti wa Mzee Hale, na baba ndiye aliyemwambia ni leo.

"Baba yako ana haraka kuliko mayai," alisema mama mmoja wa Handeni, na watu wakacheka, dada mwenyewe akacheka, akasogea pembeni kukaa kivulini.

Mama mdogo aliondoa mkono kwenye kitasa.

Tulisubiri. Haikuwa rahisi kusubiri. Vifaranga walilia, jua lilipanda, na waliokuwa na safari ya Handeni walianza kutazama saa. Mfugaji mmoja alisema amewahi kusubiri ng'ombe azae, lakini kusubiri kompyuta ikubali ni mara yake ya kwanza. Nilibaki dirishani mashavu yakiwaka moto. Kila dakika niliisoma tena ile mistari miwili, nikijiuliza kama nimekosea mahali, kama yule mkwe yumo humu humu uani na mimi nimemwandika kwa jina la mtu mwingine. Mama mdogo alikaa kwenye ndoo iliyogeuzwa mbele ya kabati, kama mlinzi.

Pikipiki ikasimama getini. Hakuwa mkwe. Alikuwa Mama Kabuku mwenyewe, boksi mapajani, vumbi mpaka kwenye nyusi. Mkwe alikuwa ameamka na homa, kwa hiyo yeye akamwachia jirani duka, akapanda gari la kwanza lililosimama, na kutoka stendi akachukua pikipiki. Aliingia haraka haraka, akitafuta meza ile ambayo mara iliyopita alikuta trei yake imefunikwa kitambaa. Meza ilikuwa tupu. Akatazama kabati. Akatazama watu kumi waliokaa wamenyamaza na maboksi yao matupu.

"Mnasubiri nini?" aliuliza.

"Wewe," alisema mama mdogo.

Alikuja dirishani. Nilimwamkia, akaitikia marahaba. Nikamwuliza kama nilivyowauliza wengine, amekuja kwa trei ya nani. Alinitazama kidogo.

"Ya Mama Kabuku."

Nikaandika mstari upya wote, majina kumi na moja, kila moja na nukuu zake. Naandika polepole, na mara hii hakuna aliyeniharakisha. Nikabonyeza. Neno likatokea.

Ningeweza kuinua kidole gumba. Sikuinua.

"Fungua," nilisema, na walinisikia mpaka getini.

Joto lilitoka kabatini kama pumzi, na mlio ule ukawa mkubwa mara tatu. Trei zilitoka moja moja, mama mdogo akisoma lebo, mwenyewe akiipokea. Ya Mama Kabuku ilikuwa ya nne. Aliipokea kwa mikono miwili, akaiweka mezani, akainua wavu. Vifaranga ishirini na sita, wamekauka, manyoya yamesimama. Mayai manne pembeni. Aliyachukua manne yale moja baada ya jingine, akayatikisa sikioni, la mwisho akalipasua akaona hakukuwa na kitu, ni kiini kilichoharibika.

"Nimeona," alisema.

Aliwapanga vifaranga kwenye boksi, akaja nalo dirishani akalitua kwenye kizingiti. Akataka nimwonyeshe nilivyomwandika. Niligeuza laptopu. Alisogeza uso karibu, akafuata kwa kidole mpaka alipojikuta, na zile alama mbili za pembeni. Nikamweleza ni kamba, zinashika Mama na Kabuku visiachane. Nikamweleza pia, na hili lilinichukua muda, kwamba siku ile niliandika Kabuku tu, na mzee akaitikia mara mbili, na kosa lilikuwa langu.

"Kwa hiyo siku ile uliniandika bila mama," alisema.

"Ndiyo."

"Usirudie."

"Sitarudia, mama."

Akageuka akamwita mama mdogo, ambaye alikuwa anafuta kabati. Akamwambia wiki ijayo ataleta trei tatu, na kuna wanawake wawili wa Kabuku nao watakuja, lakini kwa sharti kwamba huyu binti asitolewe dirishani. Mama mdogo akasema hakuna aliyetaka kumtoa. Nilitazama chini nisicheke.

Watu walipokwisha kuondoka, mama mdogo alichukua simu yake akampigia dada yake Chanika. Hakujificha, alisimama mbele yangu kabisa, kitambaa cha kufutia begani. Walisalimiana kirefu, wakaulizana habari za harusi ile na vyombo kama vilirudi vyote. Nilisikia sauti ya mama upande wa pili ikisema vyote.

"Na mwanao," alisema mama mdogo, "usimtandikie kitanda. Haji. Labda sikukuu."

Kisha akaniletea chai mpaka dirishani, jambo ambalo hajawahi kulifanya. Kwenye meza kulikuwa na lebo za awamu inayofuata, bado tupu. Nikachukua kalamu. Ya kwanza ilikuwa ya mtu ambaye binti yake alikuwa bado amekaa kivulini uani akisubiri gari la kurudi, boksi tupu magotini. Nikaandika, bila haraka, Mzee Hale.